Vijitangazo vya aibu vinanivunjia heshima steshenari

Kwako mwandishi wa safu,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Korogwe. Nilipopata kiinua mgongo nilifungua steshenari ndogo jirani na ofisi za halmashauri. Nina kompyuta mbili za mezani, zile zilizotumika zinazoletwa kutoka nje, printa moja ya leza na mashine ya kutoa kopi. Tunachapa barua, CV na mitihani ya shule, tunatengeneza kadi za harusi na picha za pasipoti, na tunawasaidia vijana kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo mtandaoni. Mtoto wa dada yangu ndiye anayenisaidia.

Shida ya kwanza ni ya aibu. Pembeni, chini ya kioo cha kompyuta, hutokea vijitangazo vyenyewe hata kama hatujafungua chochote. Kimoja kinasema kompyuta ina virusi vitano, kingine nimeshinda simu, kingine ni mwanamke asiye na nguo. Kile cha mwisho kilitokea mchungaji wangu akiwa amekaa pale pale anasubiri risala. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kila nikimwita fundi anapiga window upya, ananiwekea Word na programu za picha, nampa 25,000. Anasema zote ni "ful", hazitadai malipo. Wiki chache mambo yanarudi yalipokuwa. Safari hii ameniambia nizime kabisa antivairasi, eti ndiyo inayogombana na programu zake.

Sasa amepita kijana mwingine anauza "Office ya maisha" kwa 35,000. Anakupa jina la akaunti na nywila, unaingia, basi.

Halafu bando. Kompyuta zinatumia intaneti ya simu yangu, na bando la wiki linakwisha siku ya pili. Wateja nao wananilaumu kwamba wakichomeka flashi zao kwangu, mafaili yanageuka vikoni vyenye kimshale na hayafunguki. Na simu yangu kila asubuhi inakatwa salio kwa meseji za mpira ambazo sikuziomba. Mimi mpira sijui hata goli lipi ni la nani.

Je, ninunue programu halali? Zinauzwa kwa dola, na faida yangu ni ya mia mia. Nisaidie, na tafadhali usinipe maneno magumu.

Mwalimu mstaafu, Korogwe

*

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta mbele ya mchungaji.

Nianze na hivyo vijitangazo, kwa sababu kuviondoa ni kazi ya dakika chache na haihitaji fundi. Karibu kila mara si virusi, ni arifa za kivinjari, yaani ujumbe ambao tovuti inautuma kupitia Chrome, ile programu unayofungulia intaneti. Kuna mtu pale dukani alikuwa anatafuta fomu au wimbo wa kupakua, akafika kwenye tovuti iliyomwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Akabonyeza. Tangu hapo tovuti hiyo ina kibali cha kutuma ujumbe kwenye kioo chako muda wowote Chrome ikiwa hai, hata kama ukurasa wake ulifungwa zamani. Ndiyo maana fundi akipiga window upya vinapotea, na mteja mwingine akibonyeza Ruhusu vinarudi.

Fungua Chrome, gusa vile vidoti vitatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, nyingine zina majina yasiyosomeka. Zifute zote. Juu ya orodha hiyo hiyo chagua kutoruhusu tovuti yoyote kuomba kutuma arifa. Kwa steshenari hakuna arifa hata moja ya kivinjari unayoihitaji, kwa hiyo usianze kuchambua ipi ibaki. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili na kwenye simu yako pia.

Na ile ya virusi vitano, hakuna tovuti inayoweza kuichungulia kompyuta yako na kuhesabu virusi vilivyomo. Ujumbe wa namna hiyo ukitokea, hasa ukiwa na namba ya simu ya kupiga au kitufe cha kulipia, funga ukurasa. Ukigoma kufungika, zima kompyuta.

Ukishamaliza hapo, weka kizuia matangazo. Ninachokipendekeza kinaitwa uBlock Origin, kimetengenezwa na Raymond Hill, hakiuzwi na mwenyewe hapokei hata michango. Kinafanya kazi kikamilifu kwenye Firefox. Kwenye Chrome siku hizi kinapatikana kile chepesi tu, uBlock Origin Lite, ambacho bado ni afadhali kuliko kukosa. Angalia jina vizuri, kuna wengi wanaoigiza. Faida yake kwako ni mbili: zile "Pakua" bandia za kijani zinazowachanganya vijana zinapungua, na bando linapumua, kwa sababu matangazo yenye video nayo yanalipiwa na bando lako.

Sasa tuje kwa fundi wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, Mwalimu.

Programu anazokuwekea zimevunjwa kufuli, ndizo ziitwazo kraki. Anayevunja kufuli ya programu na kuigawa bure hajulikani ni nani, na wewe unaipa programu yake ruhusa zote za kompyuta. Fundi akikwambia uzime antivairasi ili mambo yaende, anakuomba umwondoe mlinzi getini kabla mzigo haujashushwa. Nyingi za hizo kraki hubeba programu za siri za kukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kwa watu wasiojulikana. Fikiria nywila za nani zimo kwenye kompyuta zako: vijana waliojaza maombi ya ajira, wanafunzi wa mikopo, barua pepe za walimu wenzako, nakala za vitambulisho vya taifa zilizoskaniwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukitunza nakala ya kitambulisho cha mtu, sheria hiyo inakuhusu.

Kuna jambo moja ambalo pengine fundi hakukwambia, au naye halijui. Kompyuta za ofisini zilizotumika zinazoingia nchini, zile za Dell, HP na Lenovo, mara nyingi zilinunuliwa zikiwa na Windows halali. Kwa zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8, yaani mwaka 2012 na kuendelea, ufunguo wa leseni kwa kawaida umeandikwa ndani ya ubao wa kompyuta yenyewe, na kuifuta diski hakuuondoi. Ukiweka Windows safi iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, ya toleo lile lile la Home au Pro, na kuunganisha intaneti, mara nyingi inajihalalisha yenyewe bila shilingi. Yaani inawezekana umekuwa ukilipa 25,000 kila mara ili mtu aondoe kitu halali ulichokwisha kukinunua na kuweka cha wizi.

Kwa hiyo fundi mwite, lakini kwa kazi nyingine. Mwambie aandae flashi ya Windows kwa programu ya Microsoft ya kuandaa usakinishaji, na mwone kwa macho yako anaipakua kutoka microsoft.com. Ni zaidi ya gigabaiti tano, basi tafuteni bando la usiku. Kabla hajafuta, hamisha mafaili yako: nyaraka na picha peke yake, usihamishe programu hata moja. Halafu badilisha nywila zako zote, ukianza na ya barua pepe, na kama kompyuta bado haijawa safi uzibadilishie kwenye simu.

Angalizo moja. Microsoft iliacha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu kompyuta zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kama kompyuta zako ni za zamani kuliko hapo, iweke moja Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure kabisa, sura yake inafanana na Windows, na inaenda vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kusakinisha, ukaona kama printa inakubali, kisha uamue. Usizibadilishe zote mbili kwa mpigo. Wateja hawatakusubiri ujifunze.

Antivairasi ya kununua huihitaji. Windows inakuja na yake, Microsoft Defender, na kwa duka lako inatosha ilimradi uiache ikiwa hai.

Word je? Kazi uliyoitaja, barua, CV, mitihani, inafanyika yote kwa LibreOffice, ambayo haina kraki wala malipo, na kuitumia kibiashara ni halali. Si kitu kigeni kwetu pia: LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kushiriki kuitafsiri hiyo OpenOffice kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Ipakue libreoffice.org na si kwingine. Hili la kupakua kwa mwenyewe nalisisitiza kwa sababu hata tovuti kubwa zimewahi kuteleza: mwaka 2015 SourceForge ililalamikiwa kwa kufunga matangazo ndani ya kisakinishi cha programu ya picha ya GIMP, na tabia hiyo ilikomeshwa mwaka uliofuata baada ya wamiliki kubadilika.

Wanaoikataa LibreOffice huwa wanasema "inaharibu mpangilio." Wanasema kweli, lakini sababu kubwa ni fonti, yaani mtindo wa herufi. CV ya mteja imeandikwa kwa Calibri, na Calibri ni mali ya Microsoft. LibreOffice inakuja na fonti iitwayo Carlito ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Caladea inayolingana na Cambria. Kwa Arial na Times New Roman kuna za familia ya Liberation. Zikiwemo, mistari mingi inakaa mahali pake. Kisha ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhifadhi, uielekeze ihifadhi kila kitu kwa muundo wa Word, yaani docx, ili mteja akienda nalo kwingine lifunguke. Na kazi iliyokamilika mpe kwa PDF. Mitihani yenye majedwali mengi na fomu ngumu za serikali ndizo zitakazokusumbua; hizo zifungue kwenye Word ya mtandaoni ya Microsoft, ambayo ni bure ukiwa na akaunti yao, ila inataka bando.

Kadi za harusi nina hakika mnazitengenezea Publisher, steshenari nyingi ndivyo zilivyo. Microsoft imekwisha tangaza kwamba Publisher mwisho wake ni Oktoba 2026. Kadi zako nzuri za mfano zigeuze PDF mapema. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya Publisher, ingawa mapambo mengine yanasogea. Kwa picha za pasipoti tumia GIMP, kwa kuskani na kuunganisha kurasa tumia NAPS2. Hii NAPS2 ni ndogo na wengi hawaijui, lakini itakuokoa na ile tabia ya kupandisha vitambulisho vya wateja kwenye tovuti za kuunganisha PDF.

Ila kuwa macho na neno bure. IrfanView ya kutazama picha, TeamViewer ya kuendesha kompyuta kutoka mbali na antivairasi nyingi za bure ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Wewe una biashara. WinRAR, ya kufungua mafaili yaliyobanwa, nayo ni ya majaribio ya siku 40, ingawa haikufungii mlango. Badala yake weka 7-Zip.

Huyo wa "Office ya maisha" usimpe hela. Anachouza kwa kawaida ni akaunti iliyofunguliwa chini ya shule au taasisi fulani, na mwenye taasisi ndiye mwenye rungu: anaweza kukubadilishia nywila, anaweza kuifuta, na chochote ulichohifadhi kwenye wingu la akaunti hiyo, yaani hifadhi yake ya mtandaoni, kiko mikononi mwake. Maisha yanayozungumziwa ni ya akaunti, na hujui itaishi mpaka lini. Kama siku moja utaamua kwamba bila Word halisi kazi inakushinda, nunua ya malipo ya mara moja, Office Home 2024, kwa kompyuta moja tu. Bei yake Marekani ilitangazwa dola 149.99. Kabla ya kulipa soma masharti ya leseni au muulize muuzaji kuhusu matumizi ya biashara. Nyingine ibaki na LibreOffice. Lakini mimi ningesubiri miezi mitatu ya kufanya kazi na LibreOffice kwanza.

Kuhusu vijana wa maombi: usiwaache waingie kwenye akaunti zao kwa Chrome yenu ya kila siku. Chrome ina dirisha la mgeni, unalifungua kwenye kile kidoti cha wasifu juu kulia. Mteja akimaliza, lifunge, hakuna nywila wala historia inayobaki. Mpwa wako alifanye mazoea. Na kwa kupokea kazi za kuprinti, sajilini laini ya duka yenye WhatsApp yake, mteja atume huko badala ya kufungua WhatsApp yake kwenye kompyuta yenu na kuisahau wazi.

Flashi sasa. Waambie wateja wasilie, mafaili hayajapotea. Kile kirusi kinayaficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato mahali pake. Anayebonyeza kile kikoni chenye kimshale ndiye anayekiwasha kirusi kwenye kompyuta. Kwa hiyo vimshale msiviguse. Fungua dirisha la mafaili, kwenye menyu ya mwonekano ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Mara nyingi utakuta folda isiyo na jina, mafaili yamo humo. Yakigoma kuonekana, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na, kama flashi imesoma kama E, andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

kisha yakitokea, futa vimshale na upitishe Defender. Je, ni kompyuta zenu zinazoambukiza? Kwa antivairasi iliyozimwa, mteja ana haki ya kulalamika. Ukiwa na ile ya Linux Mint, flashi zote zianzie huko, maana virusi vya Windows vya aina hii havisumbui pale.

Bando linaliwa na Windows yenyewe. Inajisasisha kimya kimya, na kuna kipengele kinachoweza hata kurusha masasisho yako kwenda kwa kompyuta za watu wengine mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la intaneti ya simu yako, uiweke kuwa muunganisho unaopimwa. Masasisho mengi makubwa yatasubiri. Lakini usiyazime moja kwa moja: mara moja kwa mwezi, usiku wa bando rahisi, ondoa kizuizi hicho uziache kompyuta zijisasishe, maana ndiyo kinga yenyewe. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, pia iangalie isiwe inapandisha mafaili yako yote wingu bila kukuuliza. Na simuni, WhatsApp isipakue video za magrupu yenyewe. Sote tunayajua magrupu ya familia.

Salio linalokatwa na meseji za mpira: huduma hizo nyingi hujiunga kwa kugusa tangazo kimakosa. Piga 100, uwaambie wakuondoe kwenye huduma zote za kulipia na wazuie mpya. Na kama uliweka simuni programu iliyokuahidi siku saba za majaribio, kumbuka kuifuta simuni hakusitishi malipo. Usajili unafutwa ndani ya Play Store, kwenye picha ya wasifu, sehemu ya malipo na usajili. Na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Ukiwa na simu mkononi piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Anza na arifa leo, kisha dirisha la mgeni. Kupiga window kusubiri mwisho wa mwezi, shule zikiwa zimekwisha kuchukua mitihani yao. Na printa ikigoma kwenye Linux Mint, niandikie jina na namba ya modeli kama ilivyoandikwa mbele yake. Baadhi ya Canon za leza zina vituko vyake, na zinahitaji programu ya kiendeshi kutoka kwa Canon wenyewe.